Mwembe wa Jirani na Chafya za Alfajiri

Kwa muda wa miaka miwili nyumba ya dada yangu, upande wa Likoni, haikuhitaji saa ya kuamsha watu. Kabla ya adhana ya alfajiri mwanawe wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, huanza kupiga chafya. Ya kwanza akahimidi, mamake akamwitikia kwa dua. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu vivyo hivyo. Baada ya hapo, kama tulivyofunzwa, mwenye kupiga chafya huhesabiwa kuwa ana mafua na huombewa afueni. Lakini kijana huyu hakukoma kwenye ya tatu wala ya kumi. Alipomaliza, macho yalikuwa mekundu, pua ikitiririka maji maangavu, na kiganja cha mkono kikiisugua ncha ya pua kwenda juu, hata pakatokea mstari mwembamba wa mkunjo juu ya pua yake. Ifikapo saa tatu asubuhi, akiwa shuleni, huwa amepoa, ila amechoka kama mtu aliyekesha.

Lawama zilizunguka nyumba nzima. Nyanya yake alilaumu maji ya barafu. Ami yake alilaumu feni. Mwalimu wa madrasa alidhani mtoto husinzia darasani kwa sababu huachwa akitazama televisheni hadi usiku wa manane. Zahanatini alipewa antibiotiki mara nne katika mwaka mmoja. Kila mara alionekana amepona, kisha siku chache baadaye chafya zikarejea. Hatimaye, mwezi wa Agosti, mwembe mkubwa ulio kwenye ua wa jirani ukachanua kila tawi, vijiua vikavu vikatapakaa juu ya paa la mabati, na hapo kesi ikaonekana imekwisha. Dada yangu akavaa buibui, akaenda kwa jirani kumwomba akate matawi yaliyoelekea upande wake, na ikiwezekana, mti mzima.

Mzee yule alimsikiliza hadi mwisho bila ya kumkatiza.

"Mwanangu," akamwambia, "mti huu sikatai kuukata ikiwa ndio unaomuua mtoto. Lakini nijibu kwanza. Huyu kijana huugua Agosti peke yake?"

Dada yangu akanyamaza. Mtoto aliugua Agosti, na Februari, na Mei. Mwembe ulichanua mara moja tu.

Swali la mzee yule ndilo nililokuja nalo mbele yenu wiki hii, ndugu wasomaji, kwa kuwa nimeona katika nyumba zetu nyingi ugonjwa huu ukitibiwa kwa miaka bila ya mtu kuuliza: huja lini, na huja wapi?

Si homa, wala si nyasi kavu

Waingereza wameuita homa ya nyasi kavu. Ni jina lisilofaa, kwani mgonjwa hapandwi na homa, na nyasi zilizokauka si zenye makosa. Kwa Kiswahili twaweza kusema mzio wa pua na macho. Mzio ni hali ya mwili kukipiga vita kitu kisicho na madhara yoyote kwa watu wengine.

Mambo huwa hivi. Mtoto huvuta kwa pua chembe ndogo mno: chavua ya nyasi, kijimbegu cha kuvu, au uchafu wa mdudu asiyeonekana. Kwa watu wengi chembe hiyo hunaswa katika makamasi na kutoka, basi. Lakini kwa aliyerithi mwelekeo wa mzio, kinga ya mwili huikosea chembe hiyo na kuidhania adui, ikaitengenezea kingamwili maalumu. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli zilizomo katika utando wa pua na wa macho, seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini. Siku hiyo ya kwanza hapana linaloonekana. Mtoto hapigi hata chafya moja. Ni pale chembe ileile irudipo, pengine baada ya wiki, pengine baada ya miaka, ndipo seli hizo humwaga histamini. Katika dakika chache pua huwasha, macho hulia, chafya hufululizana. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, nalo ni la uvimbe: pua huziba, mtoto akalala kinywa wazi, akakoroma kama mtu mzima.

Ndiyo sababu mama wengi husema, "Lakini mto huu amelalia tangu mdogo!" Kulalia tangu mdogo hakuuondolei mto shaka. Mwili huhitaji muda wa kujifunza kukichukia kitu.

Mwelekeo huo huenda kwa nasaba. Ukiwa na pumu, au ukurutu uliokusumbua utotoni, au pua ya namna hii, yamkini mmoja wa watoto wako atakuwa na mojawapo, na si lazima iwe ileile uliyo nayo wewe. Mtoto mmoja huweza kuanza na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko akiwa mchanga, akaupoteza, kisha pua ikaanza akiwa wa kwenda shule. Wazazi huona maradhi mawili. Asili yake ni moja.

Namna ya kuutofautisha na mafua ya kawaida si ngumu. Mafua huletwa na virusi, huambukiza, mara nyingi huja na maumivu ya koo na uchovu wa mwili, makamasi yakawa mazito, na aghalabu huisha ndani ya wiki moja au siku kumi. Mzio hauambukizi. Huwasha: puani, machoni, kwenye kaakaa, hata ndani ya masikio. Makamasi yake hubaki maji. Na hauishi kwa siku kumi. Hukaa kadiri kile kiuletacho kinavyokaa. Antibiotiki huua bakteria, na hapa hapana bakteria wa kuuawa. Mtoto wa dada yangu alionekana kupona baada ya kila dozi kwa sababu mzio una siku zake za kupanda na kushuka, nayo dozi ilitukia kumalizika siku ya kushuka.

Waridi la Abu Zayd

Kuushitaki mti wenye maua si kosa la Likoni peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tabibu mashuhuri Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, wa mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliyefariki mwaka 925, aliandika risala kuhusu mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi. Mwanachuoni huyo alishikwa na mafua kila majira ya kuchipua, pale mawaridi yanapotoa harufu, na al-Razi akakaa kueleza sababu yake. Risala hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayojulikana juu ya maradhi haya, nayo yatuonyesha kwamba tabibu yule aliona jambo kubwa: ugonjwa unaofuata kalenda.

Hata hivyo, kwa tunavyojua leo, huenda waridi lilikuwa halina kosa. Chavua ya waridi ni nzito na ya kunata. Haikuumbwa kusafiri kwa upepo bali kushika miguuni mwa nyuki. Ua hujipamba na kujitia manukato kwa ajili ya kumwita mdudu, na lenye mdudu wa kulibebea chavua halina haja ya kuimwaga hewani. Yanayoimwaga hewani ni maua yasiyo na rangi, yasiyo na harufu, ambayo hakuna msichana aliyewahi kuyachuma atie kwenye kikuba: maua ya nyasi na ya miti ya upepo, nayo katika nchi nyingi hufunguka majira yaleyale ya waridi. Waridi lilionekana, nyasi hazikuonekana.

Hapa kwetu sheria ni hiyohiyo. Asumini, mlangilangi, mkilua na waridi la kwenye kikuba si wa kuogopwa kwa chavua zao. Maua ya mwembe pia hutegemea zaidi nzi na wadudu wengine, nayo chavua yake haiendi mbali na mti. Najua wapo watakaonipinga, na kwa sehemu wana haki: harufu kali huweza kuichokoza pua iliyokwisha kuwa na uvimbe, iwe ni ya maua ya mwembe, ya udi au ya rangi ya ukuta. Ila kuchokozwa ni jambo jingine, na mzio wenyewe ni jambo jingine. Pua iliyotibiwa vizuri aghalabu huvumilia hata chetezo.

Daktari aliyerusha tiara

Katika Ulaya, maelezo ya kwanza yenye ukamilifu yalitolewa mwaka 1819 na tabibu wa London, John Bostock, naye mgonjwa aliyemweleza alikuwa ni nafsi yake mwenyewe. Tangu utotoni, kila Juni, macho na pua vilimsumbua. Alitafuta wenzake kwa miaka, na kufikia mwaka 1828 alikuwa amekusanya habari za wagonjwa 28 tu. Yeye alililaumu joto na mwanga wa kiangazi, hakuzishuku nyasi.

Aliyezikamata nyasi ni mgonjwa mwingine, Charles Blackley wa Manchester, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Blackley alijitia chavua puani na machoni makusudi, aina baada ya aina, akaandika lililotokea. Alijikwaruza ngozi na kuipaka chavua, akaona pakivimba. Kipimo cha ngozi wanachofanya madaktari wa mzio hivi leo ni mjukuu wa mkwaruzo ule. Kisha akarusha tiara, kama watoto wetu wanavyorusha ufukweni upepo wa kusi ukishika, akiwa amezifunga vipande vya kioo vilivyopakwa kitu cha kunata. Aliposhusha tiara zake alizikuta chavua juu ya kioo, zilizonaswa angani juu kabisa ya mashamba. Hewa iliyoonekana tupu haikuwa tupu.

Jina la Kizungu la mzio lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Na ile kingamwili yenyewe niliyoitaja ilitambuliwa mwaka 1966 na Wajapani wawili waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, mke na mume, Teruko na Kimishige Ishizaka. Nao walifanya kama Blackley: walijidunga wenyewe kwenye ngozi ili kuona matokeo.

Nini huruka katika hewa ya pwani

Vitabu vya Ulaya huzungumzia majira ya kuchipua na ya kiangazi. Sisi tuna kusi na kaskazi, masika na vuli, na msimu wa mzio hufuata hayo.

Nyasi zetu hutoa maua wiki chache baada ya mvua kuzistawisha. Basi mwenye mzio wa nyasi atazamie taabu masika yakiwa yanamalizika, na tena baada ya vuli, hasa karibu na viwanja, mashamba na kando za barabara zisizofyekwa. Punje moja ya chavua ya nyasi ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu, na upepo huichukua mbali. Mahindi nayo ni jamaa ya nyasi, lakini punje yake ni kubwa na nzito, kwa hiyo humdhuru zaidi anayepita shambani.

Upepo utokao baharini ni rafiki, kwa kuwa baharini hakuna nyasi. Ule mwembamba wa alfajiri utokao upande wa bara hubeba yaliyo bara. Anayeamka akafungua madirisha yote kabla ya jua kuchomoza, nyumba yake ikiwa imepakana na kiwanja chenye nyasi ndefu, afikirie kungoja upepo wa bahari uanze.

Miongoni mwa miti, mvinje ni wa kutazamwa. Maua yake ya kiume hayana uzuri wowote na chavua yake huenda kwa upepo, nao umepandwa kwa wingi kwetu: kwenye machimbo ya zamani ya Bamburi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwenye mashamba ya Kilifi na Malindi kwa ajili ya boriti na nguzo. Mathenge nao ulijaribiwa katika machimbo hayohayo karibu na Mombasa mwaka 1973, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa kwenye maeneo makavu ya Mto Tana, na tangu hapo haukuomba tena ruhusa ya mtu. Ingawa nyuki huupenda, katika nchi za Ghuba ambako umepandwa sana, chavua yake ni miongoni mwa zinazotambuliwa na madaktari kuwa huleta mzio. Kama una ndugu Dubai au Kuwait ambaye pua yake imeharibika tangu aende kazini huko, pengine vumbi la jangwa si mkosaji peke yake.

Kuna na kuvu. Mvua za masika zikishika, kuta hulowa, nguo huchelewa kukauka, viatu kabatini huota ukungu wa kijivu. Ukungu huo hutoa vijimbegu vidogo kuliko hata chavua, navyo huvutwa hadi mapafuni. Nyumba za mawe za zamani, kuta zake nene zenye kuvuta unyevu, huathirika sana. Na vyumba vipya visivyo na dirisha la kupitisha hewa havina afadhali.

Mkosaji aliyelala nasi

Nimemweka mwisho yule ambaye kwa nyumba zetu nadhani ndiye wa kwanza. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, nchi ya mabonde yenye unyevu, walichunguza vumbi la nyumba za wagonjwa wao na wakamkuta humo utitiri. Si utitiri wa kuku tunaoujua. Huyu ana urefu wa kama theluthi moja ya milimita, hauumi, haunyonyi damu, na hula vipande vya ngozi kavu vinavyotudondoka sisi wenyewe. Hanywi maji, huyavuta kutoka katika hewa yenye unyevu. Kwa hiyo nchi kavu humshinda, na pwani humfaa Januari hadi Disemba. Makao yake ni godoro, mto, zulia, pazia zito, na matakia ya barazani. Kinachotudhuru hasa ni kinyesi chake, ambacho hukauka, hupasuka na kuwa vumbi, kikapanda hewani kila tunapojigeuza kitandani au kufagia.

Sasa rudi Likoni. Baada ya mazungumzo yale na mzee wa mwembe, dada yangu alifanya jambo ambalo ningependa kila mama alifanye kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa. Alichukua daftari la shule la kurasa 48 na kwa siku arobaini akaandika kila asubuhi na kila jioni: chafya ngapi, macho vipi, alilala wapi, nini kilifanyika nyumbani. Hakulipamba. Mistari mingine ilikuwa na neno moja tu, "vibaya". Lakini aliponionyesha, hata mimi nisiye daktari niliona. Kila asubuhi ilikuwa mbaya, na kila Ijumaa mbaya zaidi, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya kukung'uta mazulia. Na palikuwa na siku nne nyeupe mfululizo, zisizo na chafya hata moja. Siku hizo kijana alikuwa amelala kwa ami yake, ambako watoto hulala juu ya mkeka na mito mipya. Ami mwenye kulaumu feni, tena feni yake mwenyewe ikizunguka usiku kucha.

Nyumbani kijana alilalia mto wa sufi. Ulikuwa wa nyanya yake, ulioshonwa kabla dada yangu hajaolewa, laini kama mawingu, na haukupata kufuliwa kwa kuwa sufi haifuliwi. Sitaki kusema ulikuwa na nini ndani yake baada ya miaka ile yote. Nyanya mtu alipoambiwa hakufurahi. Mto ule ulikuwa katika vyombo vyake vya harusi.

Tulilofanya halikuwa la gharama kubwa. Mto ulitolewa chumbani, ukahifadhiwa kwa heshima yake mahali pengine. Godoro lilivishwa mfuko mzima wenye zipu, wa kitambaa kilichofumwa kwa kukaza sana; huuzwa, na asiyeumudu aweza kutumia mfuko wa plastiki mzito chini ya shuka, ijapokuwa huleta joto. Shuka na foronya zilifuliwa kila wiki kwa maji ya moto, yenye nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu maji ya vuguvugu huusafisha utitiri bila ya kuuua. Zulia la chumbani likaondoka, ukabaki sakafu inayopigwa deki kwa kitambaa chenye maji, wala si ufagio mkavu. Godoro hutolewa juani mara kwa mara. Jua kali hukausha na kuua, ila maiti na kinyesi hubaki ndani, basi ni lazima lipigwe hukohuko nje, na asilipige mtoto mwenyewe. Mende pia walishughulikiwa, kwani mabaki yao nayo ni chanzo cha mzio. Chetezo kikahamishiwa sebuleni. Hilo la mwisho ndilo lililozua mjadala mrefu kuliko yote.

Dawa, na mwezi wa Ramadhani

Kusafisha nyumba kulipunguza, hakukumaliza. Daktari aliyemwona baadaye alimsikiliza kifua kwanza, na nashukuru kwa hilo. Pua na mapafu ni njia moja. Mtoto mwenye mzio wa pua anayekohoa usiku, anayesikika filimbi kifuani au anayeachwa nyuma na wenzake wakikimbia, yamkini ana pumu isiyotambuliwa, nayo pumu isiyotibiwa huua. Wa kwetu alikuwa nayo, ndogo. Miaka miwili ya antibiotiki hakuna aliyeweka sikio lake hapo.

Kwa pua, dawa iliyo imara kuliko nyingine ni ile ya kupuliza yenye steroidi kidogo. Wazazi huliogopa neno hilo, lakini kiasi kiingiacho mwilini kwa njia ya pua ni kidogo sana ikitumiwa kama ilivyoagizwa. Sharti lake ni subira: hutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa hata wiki mbili. Wengi huipuliza mara mbili, wakaona haina faida, wakaitupa. Vidonge na sharubati za kuzuia histamini husaidia kuwasha na chafya. Ile ya zamani tuijuayo sote kwa jina la Piriton hufanya kazi, ila humlaza mtoto. Huenda sehemu ya usingizi wa madrasani ulikuwa wa chupa hiyo. Setirizini na loratadini hazilazi kiasi hicho na hutosha mara moja kwa siku. Zile za matone zinazofungua pua papo hapo zisizidi siku chache, kwani zikizoewa pua huziba zaidi kuliko mwanzo.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi huondoa chembe na kupunguza uvimbe. Sisi tuna mazoea ya kupandisha maji puani kila tunapotawadha, na hayo yana raha yake kwa mgonjwa. Lakini kuosha kwa kina, kwa chupa au kibuyu cha pua, kutumie maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba wala ya kisima, kwa kuwa maji machafu yanayopanda juu sana puani yameleta maambukizi ya hatari ya ubongo katika nchi nyingine. Aliyefunga, kama tujuavyo, hazidishi kupandisha maji puani; aweza kuosha baada ya futari. Kadhalika kidonge cha mara moja kwa siku huliwa futari au daku bila ya tatizo, na daktari akielezwa mapema huweza kupanga dawa ya pua ipulizwe usiku. Kwa anayehitaji kuipuliza mchana, wanavyuoni wana kauli zao. Muulize sheikh unayemwamini, na kipulizo cha pumu usikiache nyumbani kwa hali yoyote.

Habasoda na asali wataniuliza. Asali ni chakula chema, lakini chavua iliyomo ni ya maua ya nyuki, na kama tulivyoona hayo siyo yanayotusumbua. Habasoda inywe anayeipenda, bila ya kuacha dawa. Nisichokubali ni kumtia mtoto mdogo mafuta ya aina yoyote puani, kwani huteremka mapafuni yakaleta madhara. Na mtoto anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya katika tundu moja la pua tu hana mzio: mara nyingi ameingiza ushanga au punje ya mahindi, apelekwe atolewe.

Kijana sasa ana miaka kumi na mmoja, na daftari amelichukua yeye mwenyewe. Asubuhi hupita bila ya chafya, au moja, akahimidi na kuitikiwa. Agosti iliyopita mwembe ulichanua kama kawaida yake, akalala dirisha wazi chini ya matawi hayo na hakuandika chochote. Embe zilipoiva mzee akaleta kapu, akalikabidhi mlangoni bila ya kusema neno juu ya ile habari nyingine. Lakini Januari, wiki ya kwanza ya shule, nyasi za kiwanja zikiwa zimefika magotini na zimetoa vishungi, aliandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Chafya saba, kiwanjani, mapumziko ya saa nne." Siku iliyofuata: "Tisa." Dada yangu amemwandikia barua mwalimu mkuu kuomba kiwanja kifyekwe watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani.